Hirizi Iliyohama Upande

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Dubai, chumba cha maelezo
Tarehe: Alhamisi, 16 Oktoba 2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi
Jina: Masuda Khelef Seif
Umri: Miaka 41
Kazi: Mpishi wa nyumbani
Makazi: Al Warqa, nyumba ya uani
Elimu: Darasa la nne, na chuo cha Kurani
Lugha: Kiswahili, kwa msaada wa mkalimani
Kuhusu: Lalamiko la hospitali dhidi ya Hazim, mwenye duka la kompyuta, Ras Al Khor, kwamba alibadilisha picha za mgonjwa

Miye niliyetajwa hapo juu nasema niliyoyaona na niliyoyasikia. Nisiyoyajua nitasema siyajui, tofauti na watu wengine nitakaowataja humu.

Nimezaliwa Unguja. Dubai nimekuja mwaka 2012, nilipoolewa na Marhun, ambaye wazee wake wako hapa tangu zamani. Marhun yuko kwenye ghala la vipuri vya magari, Ras Al Khor. Miye napika kwa madam mmoja hapo hapo Al Warqa. Tuna mtoto mmoja, Mawadda, wa miaka tisa. Nimeambiwa nisitie mambo mengi ya nyumbani, lakini afande, kesi yote hii iko tumboni mwa mtoto huyo. Nikimwacha nje sina la kusema.

Mawadda ana figo ya kushoto iliyoziba. Kwanza ilikuwa maumivu ya kuja na kuondoka, baadaye homa, baadaye akawa halali ubavu huo. Mama mkwe wangu, Bi Kawthar, alimfunga hirizi kiunoni, kijaluba cha fedha chenye ukubwa wa pingili ya kidole, kwenye uzi mweusi. Hirizi ilikaa kushoto, kwenye maradhi. Naomba hilo la kushoto liandikwe vizuri.

Mnamo tarehe 6 Oktoba, Jumatatu, saa 2:40 asubuhi, nilimpeleka Mawadda hospitali kupigwa picha kwenye ile mashine ya duara. Dada wa mashine aliniambia, "Mama, mvue vyuma vyote." Nikamvua herini, nikamvua bangili, nikamvua na kibanio cha nywele. Hirizi sikumvua. Bi Kawthar alikuwa ameniapisha isitoke mpaka mtoto apone, na miye nilikuwa na hofu kuliko akili siku ile. Niliisogeza ikae vizuri kushoto, nikaifunika na gauni la hospitali. Dada akauliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Hili ni kosa langu na nimelisema mwenyewe, hakuna aliyenibana.

Tarehe 8 Oktoba, Jumatano, saa 5:00 asubuhi, niliitwa na Daktari Luay, ambaye kazi yake ni kuzisoma hizo picha. Ni Mwarabu, mtu mzima, hana haraka. Tuliongea Kiarabu, changu ni cha jikoni lakini tulifahamiana. Alinionyesha picha ya kwanza, mtoto mzima kuanzia kifuani mpaka nyonga, na pembeni kitu cheupe kinang'aa.

Akauliza, "Hiki nini?"

Nikarekebisha ushungi wangu.

"Fedha hii. Bibi yake?"

Nikasema, "Bibi yake."

Akatikisa kichwa. "Hata bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Umenichafulia picha tatu, mama. Lakini khalas, yameisha, figo imeonekana."

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo lililonileta mpaka hapa. Alisema, "Usije ukachanganyikiwa. Picha hizi ni kama mtoto amesimama mbele yako anakutazama. Kushoto kwake kuko upande wa mkono wako wa kulia. Ndiyo maana pana herufi hapa, ya kuonyesha upande." Nikaelewa pale pale. Kila siku asubuhi namfunga Mawadda vifungo vya sare ya shule tukitazamana. Kushoto kwake ni kwenye mkono wangu wa kulia. Hilo halihitaji chuo kikuu. Nikatazama tena, hirizi iko mkono wangu wa kulia, na ile figo iliyovimba iko papo hapo. Sawasawa.

Daktari akaniambia figo ya kushoto imekufa na lazima itolewe kabla haijamtia sumu mwilini. Ya kulia ni nzima. Nikamuuliza, "Anaweza kuishi na moja?" Akasema, "Ataishi, ataolewa, atakuletea wajukuu, inshallah. Moja inatosha." Nilitoka pale nikaihesabu hiyo moja njia nzima, kana kwamba moja inahesabika.

Upasuaji ulipangwa ufanyike India, maana hapa Dubai bima ya Marhun haifiki gharama yote, na kuna hospitali kule ilikubali kumpokea. Ofisi yao ilitaka ripoti ya daktari na picha, na wakasema picha ziwe za kawaida, za kufunguka kwenye simu. Ripoti tulikuwa nayo, lakini picha zilikuwa kwenye CD. Daktari Luay alinipa mkononi na kuniambia, "Hii wapelekee kama ilivyo. Wakishindwa kuifungua, wanipigie mimi." Nilimfikishia Marhun maneno hayo neno kwa neno.

Marhun akasema, "Ya nini kumsumbua daktari? Nina mtu."

Afande, wanaume wetu hapa kila mmoja ana mtu. Gari likikohoa ana mtu. Viza ikikwama ana mtu. Huwezi kumwambia mtu wake hajui kitu, utakuwa umemvunjia heshima yeye na mtu wake. Nikachukua buibui langu.

Tarehe 11 Oktoba, Jumamosi, saa 10:15 jioni, tulifika kwenye duka la Hazim, Ras Al Khor. Liko katikati ya muuza bampa na fundi rejeta. Hazim ni wa kwetu, wa pwani, wanajuana na Marhun kwa kahawa. Anapenda aitwe Injinia. Ukutani ametundika vyeti vitano kwenye fremu za dhahabu. Kimoja nilimuuliza baadaye Virginia, msichana wa Kikenya anayemfanyia kazi, akaniambia ni cha kuhudhuria semina ya kuuza simu. Vinne vilivyobaki sikuuliza tena, niliona haya kwa niaba yake.

Hazim aliitia CD kwenye kompyuta yake. Akasema, "Shemeji, hizi ni faili za hospitali. Zinaitwa daikom. Hazifunguki hivi hivi kama video ya harusi. Zina lugha yake."

Nikamuuliza, "Na wewe unaijua hiyo lugha?"

"Naijua?" Akacheka, akamtazama Marhun, na Marhun naye akacheka. "Shemeji, miye nitazigeuza ziwe jepegi, picha za kawaida. Dakika kumi. Kaa upumzike, hii si biriani."

Virginia alikuwa kwenye meza ya pembeni anachapa barua. Akasema bila kuinua kichwa, "Boss, kuna programu ya bure. Inabadilisha zote na inaacha maandishi ya hospitali vile yako."

Hazim akasema, "Virginia, wewe chapa barua."

Basi nilikaa kwenye kiti cha plastiki na Mawadda mapajani. Kwenye CD mlikuwa na picha mia tatu na kumi na mbili. Daktari alishanieleza ni nyingi kwa sababu mwili umekatwa vipande vyembamba, kama mkate wa boflo, na kila kipande kina lake. Hazim alichagua kumi na mbili. Nilimsikia akimwambia Marhun kwamba nyingine ni nyeusi nyeusi tu, hazina mvuto. Mvuto! Alikuwa anazichagua kama mtu anayetafuta za kutundika sebuleni. Kila moja akaiandika jina la mwanangu kwa rangi ya manjano, na chini akaweka jina la duka lake na namba ya simu, kama kwenye pakiti ya mchele.

Mawadda akaninong'oneza, "Mama, watu wa India wataniona tumbo lote?"

Nikamwambia, "Tumbo lako zuri. Waache waone."

Nilikuwa upande wa pili wa meza, kioo cha kompyuta sikukiona. Lau ningekiona, tusingekuwa hapa. Hazim akamwomba Marhun namba ya ofisi ya India, akazituma yeye mwenyewe kwa simu ya duka pamoja na ripoti. Alisema ni bora wazungumze na mtu anayeelewa. Marhun akamshukuru mara tatu. Nilihesabu.

Tarehe 13 Oktoba, Jumatatu, ikaja barua kutoka India kupitia simu hiyo hiyo ya duka. Hazim akampigia Marhun akamwambia mambo yamekamilika, mtoto amekubaliwa, upasuaji tarehe 20, tufike tarehe 17. Barua yenyewe hakutuma. Alisema ni ya kitaalamu.

Tarehe 14 Oktoba, Jumanne, saa 3:30 asubuhi, nilikuwa jikoni kwa madam nakaanga vitunguu. Simu ikalia. Marhun amenirushia zile picha kumi na mbili na maneno, "Ona kazi safi." Nikazifungua kwa sababu nilitaka kumwona mwanangu, hata kama ni mifupa. Ya kwanza ilikuwa ile ya mtoto mzima. Nikaona hirizi inang'aa mkono wangu wa kushoto.

Nilidhani nimeshika simu vibaya. Nikaigeuza, ikawa kichwa chini. Nikairudisha. Nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikasimama mbele yake kama ninavyosimama mbele ya Mawadda, nikanyoosha mikono kama namfunga vifungo. Hirizi ikabaki kwenye mkono wangu wa kushoto, yaani kulia kwake. Na figo iliyovimba imehama nayo, imefuatana na hirizi kama mtu na kivuli chake. Pale palipokuwa na ile herufi ya hospitali pamewekwa kiraka cheusi. Vitunguu viliungua. Madam ni shahidi wa hilo, alikuja mbio akidhani nyumba inawaka.

Nikampigia Marhun. Nikamwambia hirizi imehama.

Akasema, "Masuda, kwani wewe daktari?"

Nikamwambia, "Hapana. Lakini hirizi niliiweka mimi."

"Hazim anazifanya kazi hizi kila siku."

"Kila siku anapiga picha za pasi, Marhun. Anawaambia watu wasicheke. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya kila siku."

Akakata simu. Nikamweleza madam kwa ufupi, naye ni mama wa watu, akasema, "Yalla, yalla, dereva akupeleke." Niliondoka Al Warqa saa 4:50 na kufika dukani kwa Hazim saa 5:25.

Walikuwapo wateja watatu, Hazim na Virginia. Nikasalimu. Nikasema, "Hazim, hirizi ya mwanangu imehama upande."

Akaegemea kiti. "Imehama? Basi mganga wenu ana nguvu, shemeji. Mimi nimeshindwa hata kuhamisha friji." Wateja wawili wakacheka.

"Nakuuliza umeifanya nini picha."

"Nimeirekebisha."

Naomba neno hilo liandikwe kama alivyolisema, kwa sababu alilisema kwa kujivuna, na mkono kifuani. Akaendelea, "Ripoti imesema figo ya kushoto. Nafungua picha, naona uvimbe uko kulia. Nikajua waliopiga wamekosea, au mashine yao imegeuka. Watu wa hospitali wale, wanafanya kazi kwa haraka. Nikazigeuza zote kumi na mbili, sasa kushoto kuko kushoto. Hata asante hujasema."

"Na ile herufi iliyokuwapo?"

"Picha ilipogeuka nayo ikageuka, ikawa inasomeka kinyume, mbaya. Nikaifunika. Kazi yangu lazima iwe safi."

Afande, miye nimesoma mpaka darasa la nne. Baba yangu alifariki, ndugu zangu walikuwa wadogo, nikaingia jikoni na sijatoka mpaka leo. Najua mtu asiyejua, maana ni mimi. Mtu asiyejua anauliza. Huyu hakumuuliza daktari, hakumuuliza Virginia, hakuniuliza mimi niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo na mgonjwa mwenyewe mapajani. Angemwambia mtoto tu, "Binti, kunauma wapi?" Angeonyeshwa kwa kidole. Lakini angemuuliza vipi naye ni Injinia?

Nikamwambia asimame mbele yangu anyooshe mkono wa kushoto. Akasema hana muda wa michezo. Virginia akainuka kwenye meza yake akaja kusimama mbele yangu, akanyoosha wake wa kushoto. Nikawauliza wateja, "Mkono huu uko upande gani wangu?" Mzee mmoja, naona ni Mpathani wa Pakistani, akaangalia, akaangalia tena, akasema kwa Kiarabu, "Kulia kwako." Kisha akachukua simu yake aliyokuwa ameileta kutengenezwa, akaifuta kwa kanzu, akatoka nayo.

Hazim akakasirika kwa ajili ya mteja. Akasema, "Picha si mtu, shemeji. Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi vile?"

Nikasema, "La nne."

Akasema, "Basi."

Hapo nikamwambia maneno. Nitayataja nikiulizwa. Yeye akasema nimemtukana mbele ya watu, atanishitaki, nchi hii ina sheria. Nikamwambia ni vizuri ina sheria, nikatoka.

Sikufika mbali. Virginia alinifuata na simu ya duka mkononi. Akasema, "Mum, ngoja. Kuna kitu lazima uone." Akanifungulia ujumbe wa ofisi ya India, wa tarehe 12, Jumapili, saa 3:05 asubuhi. Miye Kiingereza sisomi, akanisomea polepole kwa Kiswahili. Wale watu waliandika kwamba ripoti inasema kushoto lakini picha zinaonyesha kulia, wakaomba wathibitishiwe upande. Waliuliza, afande. Watu waliosoma kweli waliuliza.

Jibu la Hazim lilikuwa la saa 3:06. Dakika moja. Virginia akanisomea: "Picha ni sahihi. Fuateni picha."

Kisha akanifungulia ile barua ya kitaalamu ya tarehe 13, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kuondoa figo ya kulia.

Nilikaa kwenye ngazi ya fundi rejeta. Nilikaa kidogo tu. Virginia akasema, "Mum, usikae. Enda hosi kwa daktari saa hii. Na CD yako hii hapa, alikuwa ameiwekea kikombe cha chai." Nikaitazama, kweli ina duara ya chai. Nikaipangusa na ushungi. Virginia nilimwambia atapoteza kazi. Akasema, "Wacha ipotee. Mimi pia niko na mtoto nyumbani." Akarudi ndani.

Saa 7:20 mchana nilimpata Daktari Luay anatoka kuswali. Aliitia CD kwenye kompyuta yake na simu yangu akaiweka pembeni. Akahesabu zile za kwenye simu kwa kidole, kumi na mbili. Akasoma ile namba ya duka ya rangi ya manjano.

Akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Nikasema, "Injinia."

Alipiga simu India hapo hapo, miye nimesimama. Waliongea Kiingereza. Neno moja nililielewa, la kusimamisha, alilisema mara tatu. Akazituma faili zote mia tatu na kumi na mbili yeye mwenyewe, kama zilivyo, na herufi zake. Kisha akaniambia hospitali yake italeta lalamiko hapa, na kwamba nitaitwa. Akaniuliza nimegunduaje. Nikamwambia hirizi. Akafunika uso kwa mkono, sijui alikuwa anacheka au vipi.

Sisemi hirizi imemponya mtu. Watu wasije wakanipeleka msikitini kutubishwa. Nasema ilikuwa ya fedha na ilikaa pale nilipoiweka, na hicho ndicho kitu pekee ambacho Hazim hakujua namna ya kukifuta.

Jana, tarehe 15, Jumatano, saa 11:30 jioni, Hazim alimpigia Marhun. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisema, "Marhun, mwambie shemeji tuyamalize kiutu uzima, kwa chai. Kosa lenyewe dogo, ni upande tu."

Upande tu.

Marhun akaiweka simu chini. Akamwita Mawadda, akamsimamisha mbele yake, akamwambia, "Nionyeshe kunakouma." Mtoto akaonyesha. Marhun akatazama mkono wake mwenyewe wa kulia muda mrefu. Kisha akaizima simu, akatoka kwenda msikitini kabla ya adhana. Simlaumu mume wangu kituoni. Nitamlaumu nyumbani.

Nimeulizwa kama nilimtukana Hazim, kwa kuwa naye ameleta lalamiko lake. Najibu hivi. Nilimwambia maneno haya: "Hazim, wewe unakula chakula kwa mkono gani, na unatawazia chooni mkono upi? Maana naona umevichanganya, na ndiyo sababu duka linanuka." Mkalimani amesita kuyatafsiri. Nimemwambia, mwanangu, yatafsiri yote, afande asije akakosa. Kama ni tusi, ni tusi. Lakini mtoto wa miaka miwili kwetu hufundishwa mikono yake miwili kabla hajafundishwa jina la baba yake, na huyu ana vyeti vitano.

Nimeulizwa kama najuta. Najuta kumficha yule dada wa mashine. Najuta kukaa upande wa pili wa meza. La mkono silijuti, ila naomba, kama pana adhabu, ingojee mpaka mwanangu arudi. Ndege yetu ni kesho.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo.

Barua mpya ya India imekuja jana jioni, kwa Daktari Luay mwenyewe, imeandikwa kushoto. Amenisomea kwa simu, akanitumia, Mawadda naye ameisoma, yeye Kiingereza anakijua. Lakini roho yangu haijatulia. Karatasi ya kwanza nayo ilikuwa karatasi. Kule watamlaza, watamvua nguo, na hirizi wataivua, safari hii sitaificha, nitaivua mwenyewe. Miye nitakuwa nje ya mlango, na mtoto atakuwa usingizini, hataweza kuonyesha kwa kidole.

Basi jana baada ya magharibi nilikoroga hina. Mawadda akaniandikia kwenye daftari lake herufi za Kiingereza, akaniambia, "Mama, hivi ndivyo inavyoandikwa 'sio hii'." Nikamlaza, nikafuata herufi moja moja, ubavuni kulia, kwenye figo nzima. Alicheka, ilimtekenya, herufi moja imepinda. Kushoto nimemchora ua. Nimeyaacha mpaka yakakauka, yameshika vizuri, yamekuwa mekundu ya kuiva. Hina haivuliki, afande. Haifunikwi na kiraka. Na akigeuzwa, inageuka naye.

Nimemaliza. Niliyoyasema ni yangu, na mengine aulizwe mwenyewe, akipata muda.

Sahihi ya shahidi: Masuda Khelef

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya yametolewa kwa Kiswahili kupitia mkalimani Jotham, na shahidi amesomewa yote kwa lugha hiyo hiyo. Ameyakubali kuwa sahihi, isipokuwa ameomba neno "mtaalamu" lifutwe kila lilipowekwa mbele ya jina la Hazim. Limefutwa, mahali pawili. CD yenye alama ya kikombe imepokelewa kama kielelezo. Lalamiko la Hazim limefunguliwa faili lake, na halimzuii shahidi kusafiri tarehe 17 Oktoba. Maelezo yamefungwa saa 6:05 mchana. Shahidi ametia sahihi na dole gumba la kushoto. Hakuhitaji kuonyeshwa ni lipi.

Sajini Walid